Diski Moja kwa Nyumba Nzima: Safari Yangu ya Kwanza Pemba

Nimeoa Wete, lakini Pemba yenyewe sikuwa nimeiona. Harusi ilifanyika Dar es Salaam, wakwe walivuka wao, na kila mwaka ahadi ya kwenda kuwaamkia ikawa inasogezwa mbele kwa sababu hii au ile. Safari ilipotimia haikuwa ya sikukuu wala ya msiba. Ilikuwa safari ya kupeleka diski.

Kompyuta ya jirani wa wakwe zangu ilikuwa imekufa na kuondoka na kila kilichokuwemo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana steshenari pale Wete mjini: anachapa mitihani ya shule, barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, anapiga na picha za pasipoti. Habari za jirani zikamtia baridi, akanipigia simu. "Shemeji, wewe si fundi? Basi tuletee eksteno. Moja tu, tutaitumia sote."

Hao sote ni watu watatu, na kompyuta zao hazisikilizani. Ya steshenari inatumia Windows. Ya mdogo wao wa kike, ambaye kazi yake ni kupiga video za harusi upande wa wanawake, ni MacBook. Ya baba mkwe, mwalimu mstaafu, ni laptopu kuukuu ambayo mjukuu mmoja aliitia Linux Mint baada ya Windows kuilemea.

Ombi lile lilikuwa jepesi kutamka tu. Data kwenye diski hupangwa kwa kufuata mfumo wa faili, na kila kompyuta imelelewa na mfumo wake. Windows inatumia NTFS, ambao ulikuja na Windows NT mwaka 1993. Mac inaweza kuisoma diski ya NTFS, lakini bila programu ya ziada haiandiki hata herufi moja. Yenyewe tangu mwaka 2017 imehamia kwenye APFS, na APFS Windows haiutambui kabisa. Linux nyingi zinatumia ext4, uliotulia mwaka 2008, nao hauonekani kwa Windows wala kwa Mac mpaka utafute msaada wa nje. Uko mmoja unaosomwa na kuandikwa na wote watatu: exFAT, wa mwaka 2006, ambao Linux iliupokea ndani ya kiini chake baada ya Microsoft kuchapisha maelezo yake mwaka 2019.

Mtu akishasikia hivyo husema, basi fomati diski yote iwe exFAT, yaishe. Hayaishi. Time Machine, programu ya Mac ya kuweka nakala za akiba, haikubali kuandika kwenye exFAT. Timeshift ya Linux Mint nayo inadai mfumo wa Linux, kwa sababu exFAT haihifadhi habari za nani mwenye faili na nani ana ruhusa ya kuligusa. Tena exFAT haina shajara, yaani ile kumbukumbu ya ndani ambayo NTFS na ext4 huandika kabla ya kubadilisha kitu, ili umeme ukikatika katikati ya kazi mfumo ujue ulipofika. Kwa kisiwa ambacho umeme unaweza kwenda bila kuaga, hilo si jambo dogo.

Nikanunua diski ya TB 2 Kariakoo, ile ndogo ya inchi 2.5 inayotosheka na umeme wa waya wa USB. Zile kubwa za inchi 3.5 hutaka adapta ukutani, na umeme ukizimika zinazimika hapo hapo hata kama laptopu ina chaji. Kisha nikaijaribu. Sokoni kuna diski na flashi ambazo ganda linasema TB 2 na ndani mna uwezo mdogo kuliko simu yako. Kompyuta inadanganywa, inaonyesha namba ya kwenye ganda, na ukishavuka uwezo wa kweli mafaili mapya yanaandikwa juu ya yale ya zamani. Kwenye Linux kuna programu iitwayo F3, kwenye Windows kuna H2testw: zinaijaza diski mpaka ukingoni, kisha zinasoma tena zilichoandika na kulinganisha. Niliiacha ikifanya kazi usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Ikapita.

Boti za Unguja zinaondoka mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na kwa boti ya kasi ni kama saa mbili hadi bandari ya Malindi. Njia hiyo nimeshaipita, sina la kuisimulia. Jipya lilianza usiku, tulipopanda meli ya Pemba. Magunia ya vitunguu, magodoro, pikipiki, friji ndani ya boksi, na familia zilizotandika mikeka tangu jua halijazama. Mke wangu alikwenda moja kwa moja katikati ya meli, mahali anapopajua tangu utotoni, ambako hakuyumbi sana, akaniambia nivue viatu na nilale mapema.

Diski nilikuwa nimeivingirisha kwa kanga yake na kuitia katikati ya nguo. Diski ya sahani inayozunguka, ikiwa imezimwa, vichwa vyake vya kusomea vimeegeshwa pembeni, na mtikisiko wa meli hauidhuru. Kinachoiua ni kuanguka au kupigwa ikiwa inazunguka. Hofu yangu kwa hiyo haikuwa mawimbi. Ilikuwa maji ya chumvi, na abiria mnene atakayelifanya begi kiti.

Tulipoipita rasi ya Nungwi meli ikaanza kupanda na kushuka. Wahudumu wakagawa vifuko kwa wanaotapika. Bi mkubwa aliyekuwa ubavuni mwetu, ambaye tangu tupande alikuwa akisimulia bei za sukari, akanyamaza na kuanza kusoma dua. Katika bahari hii ndimo MV Spice Islander ilimozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Mke wangu aliniambia kwa sauti ndogo majina ya wawili aliosoma nao. Sikuiwaza diski tena mpaka alfajiri.

Bandari ya Mkoani inaonekana kwanza kama mwanga mchache juu ya kilima, kisha gati, kisha makelele ya wachukuzi wanaogombea mizigo kabla hujateremka. Kutoka hapo hadi Chake Chake ni kiasi cha kilomita 30, na kutoka Chake kwenda Wete karibu kadiri hiyo hiyo. Nilikuwa nimezoea Unguja iliyo tambarare. Pemba ni vilima juu ya vilima, barabara inapinda, inashuka bondeni kwenye mpunga, inapanda tena kwenye mikarafuu. Ulikuwa msimu. Majamvi ya karafuu yalikuwa yameanikwa pembezoni mwa barabara, mbele ya kila nyumba, hata kwenye uwanja wa mpira, zile za jana zikiwa zimeanza kuwa za rangi ya udongo na za leo bado za kijani na pinki. Harufu inaingia ndani ya gari hata madirisha yakifungwa. Dereva wa daladala alikuwa akiendesha upande mmoja ili asizikanyage, na aliyekuja mbele yake akasimama kumpisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndio kwanza leo!"

Tulikaribishwa chai kwa mkate wa kumimina, tukaulizwa habari za bahari, za watoto, za wazazi wangu, moja baada ya moja. Ndipo baba mkwe akaiomba hiyo diski aione. Akaipima kiganjani. "Hii ndiyo itabeba nyumba nzima?"

Nikamwambia itabeba, ila lazima tuigawe kama nyumba inavyogawiwa vyumba: kila mwenye kompyuta apate chake na aingie kwa ufunguo wake, kisha pabaki ukumbi mmoja wa wote. Akaridhika na maelezo hayo kuliko nilivyotarajia, maana swali lake la pili lilikuwa la mwenye nyumba: "Ukumbi una ukubwa gani?"

Tukagawa kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta yoyote. GB 1,000 kwa MacBook, kwa sababu ndani yake ina GB 512 na Apple wenyewe hushauri diski ya Time Machine iwe angalau mara mbili ya hapo, nasi tukakaribia. GB 400 kwa steshenari. GB 200 kwa mzee, ambaye maandishi na hesabu zake hazifiki hata robo ya hizo. GB 400 zilizobaki ziwe exFAT, za kupitishia vitu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na si za nakala za akiba. Hilo la mwisho nililirudia mpaka wakachoka kulisikia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na vyumba, badala ya kuweka kila kitu kwenye mtandao. Niliwapigia hesabu. Video za shemeji yangu mdogo zilikuwa kama GB 600 ukihesabu na zilizomo kwenye kadi. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, na isishuke hata mara moja, ni siku 11 usiku na mchana. Hapo bado bando. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na sababu nzito kuliko hesabu yangu. Anapiga video za ukumbi wa wanawake. Humo wanawake wamevua mabuibui, wamesuka, wamejipaka hina, wanacheza. Mteja anampa kazi kwa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayeiona, na ikivuja moja tu hapati nyingine kisiwa kizima. Hataki ziende kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua, iwe California au Chake Chake. Na hakutaka, alisema huku akimtazama kaka yake, zionekane steshenari.

Kazi ikaanzia kwenye Mac, kwa sababu APFS haitengenezwi na kompyuta ya aina nyingine kwa urahisi. Ila yeye na kompyuta yake walikuwa chumbani na mke wangu, na dirishani mwa programu ya video kulikuwa kumejaa picha ndogo ndogo za harusi ya juzi. Basi mimi nikakaa barazani, pazia katikati, nikawa naelekeza kwa sauti.

"Fungua Disk Utility. Unaona nini upande wa kushoto?"

"Naiona diski, imejiandika jina lake."

"Hiyo ni sehemu iliyo ndani yake, sio diski yenyewe. Nenda kwenye menyu ya kuonyesha, chagua vifaa vyote."

Kimya. Kisha mke wangu: "Imetokea nyingine juu yake, ina jina refu."

"Hiyo ndiyo. Bonyeza hiyo ya juu, kisha futa. Mpangilio chagua GUID."

Hapo kwenye mpangilio watu wengi hupapita bila kuangalia. Mac, kwa kawaida yake, inaficha diski yenyewe na kuonyesha kilichomo tu, na ukifuta kilichomo bila kuipanda ngazi ya juu unabaki na mpangilio wa zamani uliokuja nao kutoka dukani. Ukiwa ni MBR, ukomo wake ni TB 2 na sehemu kuu zisizidi nne, na Mac haitengenezi APFS humo bila malalamiko. GUID haina vikwazo hivyo, na kompyuta zote tatu zinausoma.

Tukatengeneza sehemu nne. Ya kwanza APFS, zilizobaki tatu nikamwambia aziweke zote exFAT kwa muda, wenyewe watazibadilisha kila mtu kwenye kompyuta yake. Kisha Time Machine. Ilipouliza kama anataka nakala zifungwe kwa nywila, shemeji yangu hakusubiri niseme. Nilisikia vidole tu. Nywila hiyo ikaandikwa kwenye karatasi, karatasi ikakunjwa, mama mkwe akaitia kwenye kijisanduku chake cha dhahabu na funguo akarudisha kiunoni. Nimefanya kazi na taasisi zenye ulinzi hafifu kuliko huo.

Time Machine ilianza mwaka 2007 na tabia yake haijabadilika: inaweka nakala za kila saa kwa siku nzima iliyopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, za kila wiki kwa miezi ya nyuma, na itakula nafasi yote uliyoipa. Ikijaa, inafuta za zamani kabisa ili iendelee. Ndiyo maana haifai kuachiwa diski ya watu wengi bila ukuta. Na ndiyo maana pia haifai kuwa ghala. Wateja wa harusi hurudi baada ya miaka mitatu, minne, CD imekwaruzika, wanaomba tena. Kama harusi yao ilishafutwa kwenye MacBook, siku moja itafutwa na kwenye Time Machine. Kwa hiyo ndani ya ile GB 1,000 tukaongeza juzuu ya pili ya APFS, nayo imefungwa kwa nywila, tukaitengea akiba yake ya nafasi ili Time Machine isiimeze. Humo zinakaa harusi zilizokwisha. Nitarudi kwenye jambo hili, maana lina tatizo.

Nakala ya kwanza ilichukua usiku mzima. Wakati huo sisi tulikuwa nje na mzee, taa ya kibatari pembeni kwa ajili ya lolote, tukichambua karafuu. Makonyo huku, karafuu huku. Mikono ya wenyeji inafanya kazi hiyo bila macho kutazama. Mimi nilikuwa nimejaza kikombe kimoja walipokuwa wamemaliza pakacha.

Laptopu ya mzee ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Ni nzito, bawaba moja imelegea, betri haishiki, lakini inawaka na kufanya alichokusudia. Humo ameandika historia ya ukoo wake, kurasa kwa kurasa, na ana jedwali la karafuu la miaka mingi: jina la mchumaji, tarehe, pishi alizochuma, fedha aliyolipwa. Wachumaji hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hununua zilizokauka kwa kilo. Mzee anataka kujua pishi ngapi zinatoa kilo moja kila msimu, na mwaka gani mvua ilimpunja. Hakuna ofisi yoyote yenye takwimu hizo za shamba lake. Zikipotea zimepotea.

Sehemu yake tuliitia ext4 kwa amri ya mkfs, kisha tukaweka vitu viwili. Timeshift kwa ajili ya mfumo wenyewe, siku sasisho likiharibu kitu arudi nyuma. Na rsync kwa ajili ya kazi zake. Programu hii iliandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ikatoka mwaka 1996, na mpaka leo sijaona inayoishinda kwa mtu mwenye kompyuta dhaifu: inalinganisha pande mbili na kupeleka kilichobadilika tu. Mara ya kwanza ilichukua dakika kadhaa, ya pili mzee alikuwa hajamaliza funda la kahawa. Nikamwuliza kama tumfungie kwa nywila. Akakataa. "Nikifa nani atafungua? Mimi nataka wasome."

Hapo ndipo tukaenda steshenari, na hapo ndipo pa kuangaliwa sana na yeyote anayetaka kuiga jambo hili. Shemeji alichomeka diski. Kabla hajagusa chochote likaibuka dirisha la Windows: lazima uifomati diski kabla ya kuitumia. Unataka kuifomati? Na kitufe cha kukubali kimekozwa rangi, mkono wake tayari uko kwenye kipanya.

"Acha! Usibonyeze."

"Si imesema yenyewe lazima?"

Windows haikuwa na nia mbaya. Katika jedwali la GUID kila sehemu ina lebo inayosema ni ya aina gani. Sehemu ya mzee ilizaliwa kwenye Mac ikiwa exFAT, kwa hiyo lebo yake ilisema ni data ya kawaida ya Windows. mkfs inatengeneza mfumo wa faili ndani ya sehemu na haigusi lebo ya nje. Windows ikasoma lebo, ikafungua, ikakuta vitu isivyovielewa, ikahukumu kwamba pameharibika. Angebonyeza, miaka yote ya pishi ingekwenda. Dawa yake si ngumu: kwenye Linux, katika programu ya diski, unahariri aina ya sehemu na kuchagua ile ya Linux. Data haiguswi. Tulirudi nyumbani kwa mzee tukafanya hivyo, na tangu hapo Windows inaipita ile sehemu bila kuuliza. Sehemu ya Mac Windows haikuwa imeiulizia, kwa sababu ile ilizaliwa na lebo yake.

Likabaki la mgawo. Shemeji alifomati sehemu yake kuwa NTFS, akaitazama, akanigeukia. "Shemeji, mlisema mia nne. Hapa ni mia tatu sabini na mbili. Ishirini na nane zimekwenda kwa nani?"

Dada yake, kwenye Mac, alikuwa ameona elfu moja kamili. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeibiwa. Watengenezaji wa diski wanahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, na Mac tangu mwaka 2009 inahesabu hivyo hivyo. Windows inahesabu kwa mafungu ya 1,024, kwa hiyo GB yake ni kubwa zaidi na idadi inakuwa ndogo. Diski yenyewe ya TB 2 ndani ya Windows ni 1.81. Nilimwandikia hesabu hiyo nyuma ya fomu ya maombi. Aliikubali, lakini kwa sauti ya mtu anayepanga kuiuliza tena nikiondoka.

Windows tukaiwekea File History, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012, ambayo huhifadhi kwa vipindi matoleo ya faili lililobadilika. Kwa mchapaji ni neema: mwalimu akirudi kusema mtihani ule wa kwanza ulikuwa bora, upo. Nilichomshauri zaidi ni kufuta. Zaidi ya nusu ya kompyuta ile ni vyeti, vitambulisho na barua za watu waliokuja kuchapa ukurasa mmoja na kwenda zao. Vya watu visivyohitajika tena dukani havistahili nakala ya akiba, vinastahili kuondolewa.

Ukumbi wa exFAT ulipata kazi siku hiyo hiyo. Shemeji mdogo alikuwa na kadi ya harusi inayotakiwa kuchapwa, na hapo awali alikuwa akihangaika na flashi. Flashi nyingi zinazozunguka mitaani bado ni FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Wateja wake humletea flashi ya GB 16 iliyo tupu, anaburuta video, anaambiwa faili ni kubwa mno, mteja anadhani anazungushwa. Jibu ni kuifomati flashi iwe exFAT, kwa ruhusa ya mwenyewe, baada ya kuhakikisha haina kitu.

Mzee alitutazama siku nzima tukipita na diski ile, kisha jioni akataka hesabu yake. "Mmeweka. Sasa nirudishieni kitu nione."

Hilo ndilo swali ambalo wateja wangu wa Dar es Salaam hawaniulizi. Tulihamisha faili la msimu mmoja kutoka kwenye laptopu yake kama vile limepotea, tukalirudisha kutoka kwenye diski, akalifungua. Hakuliamini kwa kuliona tu. Akaenda ndani, akarudi na daftari lenye jalada la bluu, kingo zimeliwa na mende, akaanza kulinganisha pishi kwa pishi, kidole kwenye karatasi, jicho kwenye kioo. Zikalingana. Wataalamu wana kanuni inayoitwa 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Mzee alikuwa na tatu tayari, ya laptopu, ya diski na ya daftari. Alikosa ya mbali tu.

Waliobaki wamekosa zaidi, na hapa narudi kwenye harusi zilizokwisha. Zimo kwenye diski na hazimo tena kwenye MacBook. Kitu kilicho mahali pamoja si nakala ya akiba, hata kikiwa ndani ya diski tuliyoinunua kwa ajili ya akiba. Diski ile ikianguka, ikiibiwa, nyumba ikishika moto, harusi zile zimekwisha kweli. Diski moja inaweza kuhudumia mifumo mitatu bila ugomvi, hilo nimeliona kwa macho, lakini inabaki kuwa diski moja. Tumekubaliana inunuliwe ya pili, igawanywe vile vile, ikae kwetu Dar es Salaam, na zibadilishane kila mtu wa nyumba anapovuka. Kwa sasa ya kwanza inakaa kwa mama mkwe, si steshenari, ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu. Hewa ya chumvi ya Wete inakula chuma cha matundu ya USB, na shemeji ana kompyuta ya zamani ya kuthibitisha hilo.

Nawe msomaji ukitaka kuigawa diski yako namna hii, ifanye ikiwa tupu. Kilichomo kitafutika chote, na hakuna programu ya bure ninayoweza kuidhamini kwamba itagawa bila kugusa vilivyomo. Kila mara itoe kwa amri ya kutoa, usichomoe waya tu. Kisha kata karatasi, uibandike juu ya ganda kwa gundi isiyobanduka, kwa maandishi makubwa anayoweza kuyasoma hata mtoto aliyetumwa kuileta: DISKI HII INA SEHEMU NNE. KOMPYUTA YAKO HAITAZIONA ZOTE. IKIKUAMBIA UFOMATI, KATAA.